Jiriwa ya Ndundu

Ukishuka stendi ya Kibiti ukauliza kwa Twalha fundi, utaulizwa Twalha yupi. Ukisema Twalha wa jiriwa, hata mama muuza chapati atakuonyesha kwa mwiko. Na watakucheka kidogo, kwa sababu watu wa mji huu hawakuwahi kuelewa mtu mzima mwenye mke na watoto wanne anatafuta nini kwenye vyuma vikuukuu. Jiriwa, ile ya kubania chuma juu ya meza ya fundi, ambayo vijana wa gereji wanaiita vaisi. Fundi wa kawaida anayo moja, na ikivunjika ananunua nyingine. Twalha alikuwa nazo thelathini na nne.

Zilikuwa zimepangwa kwenye mbao kuanzia sakafuni mpaka karibu na bati. Za Kijerumani zenye shingo nene, za Kiingereza zenye mkia bapa wa kufulia chuma, moja ndogo ya sonara isiyozidi kiganja. Alizitoa kwenye mashine za mpunga zilizokufa Mohoro, kwenye mashamba ya zamani, kwa wauza chuma chakavu waliokuwa tayari wameshazipakia kwenye lori. Kila aliyoipata aliilaza kwenye dizeli siku tano, akaifungua skrubu, akaisugua kwa brashi ya waya, akapitisha msasa, akapaka grisi, mpaka mkono wa jiriwa ukazunguka kwa kidole kimoja. Walikuja watu wa Dar na magari yao ya viyoyozi kutaka kununua. Aliwapa chai na kuwaaga.

Mkewe Sabra alikuwa akisema mumewe ameoa chuma, yeye kafuatia kuwa mke wa pili. Alisema kwa utani, lakini si utani wote.

Sasa niwaambie jambo ambalo watu hawakuliona, na walikuwa na macho. Twalha alipopata jiriwa, kabla ya dizeli, kabla ya chochote, aliigeuza na kukwangua rangi sehemu moja tu, kwenye taya la mbele upande wa kushoto. Alikwangua kwa kisu, akatazama, akaiweka chini. Miaka ishirini na moja amekwangua sehemu hiyohiyo. Hakuwa akikusanya jiriwa. Alikuwa akitafuta moja, hizo nyingine zilimjia njiani, akazipenda kama mtu anavyowapenda paka wasio wake.

Baba yake, mzee Ismaily, alikuwa fundi wa karakana ya pantoni pale Ndundu, enzi ambazo mto ulivukwa kwa pantoni na mtu aliyechelewa alilala na gari lake ukingoni. Alikuwa akienda kazini Jumamosi na kurudi Kibiti Alhamisi jioni, mikono inanuka grisi. Karakana ilikuwa na jiriwa moja kubwa, ya kubebwa na watu wawili, na siku moja taya lake lilipasuka. Mzee Ismaily akaliunga kwa shaba. Akaunga vizuri, pakabaki mstari wa manjano kama uzi, na chini ya mstari akagonga vitone vitatu kwa msumari wa chuma. Alimpeleka Twalha kumwonyesha. Ile ndiyo siku Twalha alitaka kuwa fundi.

Daraja likajengwa, pantoni ikawa haina kazi, vifaa vikahesabiwa. Jiriwa haipo. Kitu cha watu wawili kubeba, hakipo. Mtunza stoo alikuwa bwana mmoja anaitwa Kheri, jirani yao wa mtaa uleule wa Kibiti, mtu wa kuvaa saa mkono wa kulia. Kheri ndiye aliyesema polisi wa nini, sisi ni Waislamu, tukasome halbadiri. Aliyechukua ataonekana mwenyewe.

Mnaijua halbadiri, msijifanye. Yanasomwa majina ya watu wa vita vya Badri, udi unafuka, mwizi anaachiwa dua imtafute ilipo nyumba yake. Watu wanaiogopa kuliko jela. Mtaa mzima ulikwenda msikitini, wafanyakazi wa pantoni na wasiokuwa wafanyakazi, kwa sababu kutokwenda ilikuwa ni kujitangaza. Mzee Ismaily alikwenda, akakaa safu ya mbele, akaitikia amina kwa sauti. Kheri naye akaitikia amina.

Siku ya kumi na tisa mzee Ismaily alianguka uani akiwa na birika la kutawadhia. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, ulimi ukawa mzito kiasi kwamba mkewe tu ndiye aliyemwelewa. Kabla jua halijatua mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu: imemshika.

Basi. Hakuna aliyeuliza kama mzee ana presha. Hakuna aliyeuliza jiriwa iko wapi, kama ndiye aliyeiba. Mtu wa miaka thelathini kazini, aliyewaundia majembe bure, wakambadilisha jina kwa siku moja. Alipojikokota kwenda kuswali, watu walirudi mlangoni wakabeba kandambili zao wakaingia nazo ndani. Kwenye hitima sahani yake iliwekwa peke yake. Dada yake Twalha, Shufaa, alikuwa ameshaposwa na mtoto wa mzee Abdala wa mtaa wa pili. Mzee Abdala alikuja na mkewe, wakasema mambo yamekuwa mengi, na barua ya posa wakaondoka nayo. Shufaa akaolewa baadaye sana, mbali, na mtu asiyemfaa.

Mzee Ismaily aliishi hivyo miaka kumi na moja. Alipokufa jeneza lake lilibebwa na watu tisa wakipokezana. Katika mtaa ule, jeneza la mlevi hubebwa na watu mia.

Ndiyo maana Twalha alikuwa akikwangua. Na wakati anakwangua alikuwa akiwaza. Alimwaza mwizi, asiyemjua, akiwa amefungiwa vidole vyake kwenye jiriwa ileile, na yeye Twalha akizungusha mkono taratibu, robo kwa robo, akiuliza maswali. Aliliwaza hilo akiwa kwenye swala, Mungu amsamehe. Alioa akiwaza hilo. Mama yake, Bi Mwanamkuu, alikuwa hasemi kitu, lakini kila Twalha aliporudi safari alimtazama mikono kabla hajamtazama uso.

Mwaka jana baada ya mafuriko, watu wa delta walikuwa wanauza chochote kilichobaki. Twalha akapanda boti Nyamisati akaingia ndani kwenye mikoko, kijiji kwa kijiji, akiuliza vyuma. Siku ya tatu akafika kwa fundi boti mmoja anaitwa Salumu, mzee mcheshi mwenye meno matatu, banda lake limesimamishwa kwenye nguzo. Kwenye meza ya kazi palikuwa na jiriwa kubwa, imepakwa rangi ya bluu ya boti, rangi juu ya rangi, mpaka imekuwa nene kama imevaa koti.

Twalha aliomba kisu. Alikwangua taya la mbele, upande wa kushoto. Bluu ikatoka, chini yake kijani, chini yake mstari wa manjano. Alikwangua kidogo tena akahesabu vitone kwa kidole, kwa sababu macho yalikuwa yameshajaa maji. Vitatu.

"Hii umeipata wapi, mzee wangu?"

"Hiyo? Hiyo ya zamani hiyo. Aliniletea Kheri, yule mtunza stoo wa pantoni. Kaja nayo kwa mtumbwi, kaifunika mkeka. Mwaka ule wa daraja, siku chache kabla ya mfungo."

Salumu alisema vile kama anavyosema bei ya samaki. Huko delta habari ya halbadiri haikuwahi kufika, na yeye hakuwa na sababu ya kuficha. Twalha alikaa chini kwenye takataka za mbao. Kheri. Mtu aliyependekeza dua mwenyewe. Mtu ambaye sasa ana nyumba tatu Kibiti, mjumbe wa kamati ya msikiti, akikohoa watu wananyamaza. Twalha amekuwa akimwamkia shikamoo asubuhi na jioni kwa miaka ishirini na moja, na bwana yule akiitikia marahaba mwanangu.

Salumu hakutaka kuiachia, ilikuwa ndiyo jiriwa yake pekee. Twalha akarudi Kibiti akamletea mbili badala yake, nzuri kuliko ile, tena akamfungia mwenyewe mezani. Wakaachana wakicheka.

Aliisafisha kwa wiki mbili na hakuruhusu mtu kuigusa. Bluu yote ikaondoka. Skrubu ilikuwa imeumana na nati kwa chumvi ya bahari, akaibembeleza kwa moto na mafuta mpaka ikatoka nzima. Meno yalikuwa yameliwa, akayachonga upya kwa tupa, moja moja. Mstari wa shaba aliusugua mpaka ukang'aa, uonekane na kipofu. Na alikuwa na furaha, nisiwafiche, furaha mbaya, ile inayomfanya mtu apige mluzi peke yake. Sabra alimuuliza nini kimekupata. Akasema hamna kitu, kazi inakwenda vizuri.

Hakwenda kwa Kheri. Alijua Kheri atakuja mwenyewe, kwa kuwa mtaa mzima ulijua mwaka ule mzee Kheri anakwenda kuhiji. Na mtu wa kwetu haondoki kwenda Makka kimya kimya. Lazima apite nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, aombe radhi kwa aliowakosea, maana deni la Mungu linafutwa huko huko, la mja mwenzako hubaki nalo mpaka yeye akuachie.

Alikuja Jumanne asubuhi, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, ananukia halud. Twalha akamwamkia, akampangusia kiti.

"Mwanangu Twalha, nimekuja kukuaga. Mwezi ujao, inshallah, naondoka. Napita kwa watu wangu kutaka radhi, na wewe ni mtoto wa rafiki yangu."

"Umefanya vizuri mzee. Lakini kwanza nikuonyeshe kazi yangu." Akavuta gunia lililokuwa juu ya meza.

Kheri aliitazama jiriwa, na tasbihi ikasimama. Hakuuliza ni kitu gani hiki. Aliuliza, "Umeitoa wapi?"

"Kwa Salumu, fundi boti. Anakusalimia sana."

Mzee yule akawa mdogo pale pale kitini. Kisha Kheri akaanza kusema, hakuulizwa, akasema yote. Alisema aliiuza kwa tamaa tu, hakuwa na shida. Alisema alipendekeza halbadiri kwa sababu mwizi hawezi kudhaniwa kuwa ndiye anayeitaka, na kwamba siku zile alikuwa haiamini. Mzee Ismaily alipoanguka, yeye alikwenda nyumbani akatapika. Halafu akaona watu wamesharidhika, akanyamaza. Kila mwaka unaoingia alikuwa akiingoja zamu yake, hata mkono ukimfa ganzi usingizini anaamka akipiga kelele.

Twalha alisikiliza huku mkono wake ukiwa kwenye mkono wa jiriwa, unauzungusha, taya linafunguka. Vidole vya Kheri vilikuwa palepale ukingoni mwa meza, vinene, vina pete. Alivitazama. Miaka yote ile alidhani siku ikifika atakosa nguvu, kumbe nguvu alikuwa nazo tele.

"Ijumaa," alisema. "Baada ya swala. Kwenye kipaza sauti, na vya nje viwe vimefunguliwa. Utasema uliyoniambia mimi, usipunguze hata moja."

"Nitafedheheka, Twalha. Nina wajukuu."

"Baba yangu alikuwa na wajukuu."

Kheri akapangusa uso kwa kofia yake. "Nikisema, utaniachia? Utanipa radhi niende?"

Hapo ndipo Twalha aligundua kuwa jambo hili lina bei, na bei yenyewe ni neno moja ambalo hakuwa nalo mdomoni. Jina la baba yake lisafishwe mbele ya watu, na yeye amsamehe huyu. Akikataa, Kheri atakwenda zake, atakana, na neno la mzee mwenye meno matatu kutoka delta halitashinda la mjumbe wa kamati. Alimwona baba yake akiburuta mguu.

"Nitakupa," alisema, na moyoni alikuwa hajui kama anasema kweli.

Jioni alimweleza mama yake. Bi Mwanamkuu alikuwa akichambua mchele. Aliuliza jambo moja tu, kama vipaza sauti vinasikika mpaka uani. Ijumaa asubuhi akaoga, akavaa khanga mpya, akataka kiti chake kitolewe nje, pembeni mwa ukuta unaotazama msikiti.

Twalha aliipakia jiriwa kwenye toroli kwa msaada wa kijana wa gereji, akaisukuma barabarani mchana kweupe, watu wakimtania kama anakwenda kuioa. Akaiacha juu ya toroli barazani mwa msikiti, pembeni ya viatu, taya la mbele likitazama mlango. Hakuna aliyeingia bila kuiona. Wazee wawili wa pantoni waliinama wakautazama mstari wa shaba, wakainuka bila kusema.

Baada ya swala Kheri akashika kipaza sauti. Lazima tumpe haki yake, hakupunguza. Jiriwa niliiba mimi. Niliiuza mimi. Halbadiri niliitaka mimi. Ismaily hakuchukua hata msumari, alikuwa mgonjwa tu kama anavyougua mtu yeyote. Mtaa mzima ulisikia, waliokuwa sokoni na waliokuwa vyooni. Kheri akageuka alipokaa Twalha, akasema, "Nimesema. Nakuomba radhi."

Macho yote yakamhamia Twalha. Alisimama. Alikuwa akimtafuta Kheri moyoni mwake ili amchukie kama alivyozoea, na pale mbele akaona mzee anayelia makamasi mbele ya wajukuu zake.

Kimya kilipozidi, mzee Abdala akaona atie neno la hekima. "Msamehe, mwanangu," alisema kutoka safu ya pili, kwa upole. "Mambo ya zamani haya. Yamekwisha."

Twalha akamgeukia. Akatazama na waliokaa naye, safu ya pili, ya tatu, ndevu nyeupe zote zile, wote wamepoa, wote wanamwonea Kheri haya. Wamekaa kama watu waliokuja kushuhudia kesi ya mwingine.

"Yamekwisha?" alisema. "Nani kakwambia yamekwisha, mzee Abdala? Huyu kaiba jiriwa. Jiriwa nimeipata, ipo hapo nje. Aliyembebea baba yangu sahani pembeni hakuwa Kheri. Waliokuwa wakiingia na kandambili ndani hawakuwa Kheri, kandambili zilikuwa nyingi na Kheri ana miguu miwili tu. Aliyekuja kuchukua barua ya posa ya dada yangu ni wewe, na mkeo, mkanywa na chai yetu."

Imamu akasema taratibu bwana, hii ni nyumba ya Mungu. Twalha akasema anajua ni nyumba ya nani, baba yake alikuwa akija kwa kuburuta mguu, ingawa hakuna aliyemsogezea nafasi.

"Mzee Kheri," alisema, na sauti ikarudi chini, "nimekusamehe. Nenda kahiji, Mungu akurudishe salama. Wewe umesema." Kisha akawaelekea wengine. "Nyinyi nyumbani mnakujua. Mama yangu yupo."

Akatoka, akashika toroli lenye jiriwa, akaondoka.

Alidhani hawatakuja. Watu wazima, wenye heshima zao, waende kwa mjane kujieleza? Lakini alasiri walianza kuonekana, mmoja mmoja, kisha wawili wawili, wakijifanya kama wamekutana njiani. Ilipofika saa kumi walikuwa kumi na sita mbele ya nyumba, kwenye jua, hakuna kivuli upande ule. Twalha akataka kutoa mikeka. Mama yake akamwambia acha.

Bi Mwanamkuu alikuwa bado kwenye kiti chake cha asubuhi. Hakuwakaribisha na hakuwafukuza. Aliwatazama muda mrefu, akiwapitia nyuso, kisha akasema waje mmoja mmoja.

Mzee Abdala alikuwa wa kwanza. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Bi Mwanamkuu, tumeishi pamoja miaka mingi. Kama kuna mahali nilikukosea wewe na marehemu..."

"Hapa hakuna kama, Abdala," mama alimkatiza. "Sema ulichofanya."

Mzee Abdala akasema habari ya posa. Mama akasema hiyo naijua, nilikuwepo. Akangoja. Abdala akageuza kofia, akatazama chini, akageuza tena, na waliokuwa nyuma yake kwenye jua wakaacha kunong'ona.

"Asubuhi ile alipoanguka," alisema, "ulikuja kwangu unakimbia, kuniomba pikapu umpeleke hospitali. Nikakwambia haina mafuta."

"Uliniambia hivyo."

"Ilikuwa na mafuta. Niliogopa. Nilisema kama ni halbadiri, nisiiingize garini mwangu."

Twalha akamtazama mama yake. Habari ile hakuwa nayo. Anakumbuka mkokoteni tu, na baba yake amelazwa juu yake wakimsukuma kwenye jua mpaka saa sita, na daktari akiuliza mbona mmechelewa hivi.

Bi Mwanamkuu alikaa na maneno yale magotini mwake. Aliivuta khanga yake mpya, akaikaza begani.

"Kaa hapo pembeni, Abdala," alisema. "Bado sijakujibu. Twalha, mwite wa pili."